Milimita Kumi na Mbili na Robo

Umba alifungua sanduku kama anayefunua maiti ya mfalme:
karatasi laini, sponji, karatasi tena,
kisha garimoshi lenyewe, la Ujerumani, jeusi, zito mkononi,
kila ribiti mahali pake,
hata kengele, ndogo kama punje ya ulezi.
Bei hakuitaja.
Mkewe ndiye aliyeitaja,
mlangoni, kwa sauti, Kamalondo yote ikisikia.

Chabu akacheka. La kwake lilitoka Kasumbalesa
ndani ya mfuko mmoja na soksi na betri,
franka elfu kumi na tano, baada ya kuvutana nusu saa.
Mlango wake umechorwa tu kwa rangi
na dereva hana uso.
"Lakini linakwenda," akasema. "Likifa, nanunua jingine.
Hilo likifa, la tatu.
Na bado sijafikia bei ya gurudumu lako moja."

Ndivyo ugomvi ulivyoanza, Jumamosi,
juu ya meza ninayokatia vitenge.

"Kitu rahisi ni mwizi mwenye subira," akasema Umba,
"leo parafujo, kesho mota, mpaka umelipa mara tano
na mkononi huna kitu."
"Na kitu ghali ni mkwe," akajibu Chabu.
"Unakifuta vumbi, unakisalimia kwa adabu,
siku ya kazi hukitumi."

Saa tatu usiku umeme ukaja, ule wetu,
taa njano kama chai iliyoongezwa maji.
La Umba likanguruma kama paka aliyeshiba,
likazunguka mara mbili,
likaonja umeme wa Lubumbashi, likaususia.
La Chabu halikujua kwamba umeme una ubora.
Likakimbia! Likapita karakana ya maboksi,
likapita kilima cha mabaki ya shaba nilichokifinyanga kwa majivu,
kwenye kona ya kabati likaruka reli
likatua ndani ya sufuria ya bukari.
Meno mawili ya gia tuliyakuta kwenye tonge.

Kila mmoja akamwambia mwenziwe: Umeona?

Shangazi Mujinga, aliyeuza mikate
kwenye treni ya Kamina tangu nikiwa mgongoni kwa mama,
akayatazama yote mawili, akauliza,
"Magunia yako wapi? Mbuzi je?
Na huyu hana uso, atamtambuaje asiye na tiketi?"
Akaondoka na sufuria yake.

Mimi nilinyamaza.
Mshonaji hutambua kitambaa kibaya kwa kidole,
ila nimeona pia suti za bei kali
zilizopimwa kwenye mwili wa mtu mwingine.

Jumatatu nikaenda stesheni na utepe wangu wa kupimia.
Mlinzi akauliza kama reli inataka suruali.
Nikapiga magoti kwenye kokoto, chuma kikiwa cha moto:
mita moja, sentimita sita, milimita saba.
Nikagawanya kwa themanini na saba, nyuma ya risiti,
mara tatu, maana hesabu nami hatupendani:
kumi na mbili na robo.

Njia ya Umba: kumi na sita na nusu.
Njia ya Chabu: kumi na sita na nusu.

Wiki nzima wamegombana
nani ana treni bora kwenye njia isiyo yetu.

Sasa nanyoosha waya wa shaba kwa pasi,
natoboa mataruma kwenye vijiti vya kiberiti.
Shaba ipo; hapa shaba haijawahi kuwa taabu.
Taabu ni ekseli: lazima zikatwe, zifupishwe.
Tulijaribu kwanza za Chabu. Plastiki ilipasuka kama biskuti.
Zilizobaki ni za chuma safi, za Ujerumani.

Msumeno uko mezani, kando ya mkasi.
Umba alisema anakwenda kununua sigara.
Umba havuti sigara.
Leo ni siku ya tatu.